Nimekwama kwenye rangi ya Peugeot 404 ya marehemu baba (naunda magari yake manne, kipimo 1:24)

MenoYaBandia · Tanga

Wakubwa shikamooni, wenzangu salaam.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya meno, mwaka wa 28 huu natengeneza meno ya kuvaa na kuvua. Nasema mapema ili msinifundishe silikoni, plasta wala akriliki, maana hivyo ndivyo vinavyonilisha. Kilichonishinda ni gari.

Marehemu baba alikuwa karani kwenye mashamba ya mkonge. Maisha yake yote alimiliki magari manne, likitoka hili linaingia lile, hakuwahi kuwa na mawili kwa pamoja. La kwanza Peugeot 404, sisi tukiliita Pijo, alilinunua kuukuu mwaka 1970. Likafuata Land Rover 109 ya mizigo, aliyoipata kwenye mnada wa shamba mwaka 1984. Kisha Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, ambayo sitaisemea sana kwa sababu ilikaa juu ya matofali muda mrefu kuliko ilivyokaa juu ya matairi. Mwisho Toyota Hiace, kipanya, iliyopiga daladala Ngamiani hadi Pongwe ikanisomesha mimi na dada zangu wawili.

Mama ana miaka 74. Macho yanapungua lakini vidole vyake bado vinaona. Nataka nimpangie yote manne kwenye kabati la vyombo, kwa mfuatano ule ule yalivyoingia nyumbani.

Nimeanza na Peugeot. Bodi nimeichonga kwa plasta ngumu ya manjano tunayomiminia meno, nichukue kalibu ya silikoni, kisha nimimine akriliki nyembamba. Vioo nimetumia ile karatasi angavu ya kutengenezea kinga za meno za mabondia: unaipasha moto, unaivuta kwa mashine ya hewa juu ya bodi, unakata. Vimetoka safi hadi nikajipongeza peke yangu.

Sasa shida zangu.

Ya kwanza, nina picha moja tu. Nyeusi na nyeupe, Raskazone, 1977, gari limekaa mshazari na pua inamwelekea mpiga picha. Ni Jumapili asubuhi. Najua ni asubuhi kwa sababu miaka ile magari binafsi hayakuruhusiwa barabarani Jumapili ikishapita saa nane mchana, na baba alikuwa mtu wa kuingia uani saa saba na nusu akitoka jasho. Nimeipima picha kwa rula, nikazidisha, nikachonga. Kimetoka kitu kifupi, kinene, gego tupu.

Ya pili ni rangi. Mama anasema gari lilikuwa rangi ya maziwa. Baba mdogo, ambaye alilipanda tangu siku ya kwanza, anaapa lilikuwa kijivu. Wamebishana kwenye simu na sasa kila mmoja ananitumia mimi salamu za mwenzake.

Ya tatu ni mlango. Mwaka 1978, pale Pongwe, tela la trekta la mkonge lilirudi nyuma likabonyeza mlango wa dereva. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu mwaka uliotangulia, na spea za Mombasa ambazo baba alizizoea zikawa hadithi. Mlango ukaja kupatikana kwenye 404 iliyokufa huko Korogwe. Wa kijani. Haukupigwa rangi nyingine hadi gari linauzwa 1983. Nilikuwa na miaka mitano ulipofungwa, na mpaka leo nikisikia neno Pijo naona kijani kwanza. Lakini kila nikiupaka kwenye kipande cha majaribio unaonekana mchezo wa mtoto wa chekechea, hauonekani kama mlango uliotoka kwenye gari jingine. Nakosea wapi?

Tafadhali, sitaki gari lilivyotoka kiwandani. Nataka letu.

---

Mchokonozi · Mwanza

Mzee mzima na vigari! Mwanangu ana miaka saba anatengeneza la boksi la biskuti na magurudumu ya ndala, na linatembea. Lako litatembea?

---

Mvita504 · Mombasa

Ndugu yangu wa Tanga, pole na ugomvi wa mama na ami yako.

Kosa la kwanza ni rula juu ya picha ya mshazari. Gari likielekeza pua kwako, ubavu wake unajikunja, kwa hivyo kila sentimita ya nyuma ni fupi kuliko sentimita ya mbele. Hesabu hiyo haitoki hata ukikesha. Na ya nini? Hizo 404 saluni, zenye buti, zote zilitoka kiwandani kipimo kimoja: urefu karibu mita 4.45, upana 1.62, kimo 1.45, na kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi la nyuma mita 2.65. Gawanya kwa 24. Urefu milimita 185, upana 68 kasoro kidogo, kimo 60, gurudumu kwa gurudumu 110. Anza na hiyo 110, chora mstari mezani, ubandike magurudumu mawili ya karatasi, halafu ndiyo ujenge gari juu yake. Ukianza na bodi utapata gego jengine.

Zingatia tu kama yenu ilikuwa saluni kweli. Ile ya nyuma ndefu ina 2.84 kati ya magurudumu, na wenye kuchonga wengi huzichanganya.

Kwa yaliyobaki: Land Rover 109 jina ndilo kipimo, inchi 109 kati ya magurudumu, kwako ni milimita 115. Na ukipima urefu mzima utacheka, karibu ulingane na wa 404. Volkswagen ni mita 2.40, yaani milimita 100 kamili, utadhani waliijenga kwa ajili ya 1:24. Hiace ipime mwenyewe kwa futi, zingali barabarani.

Kama mikono itachoka, Volkswagen hiyo kampuni ya Tamiya wanayo ya kuunganisha, ya 1966, kipimo hicho hicho. Land Rover 109 Italeri wanayo na Revell pia. Mimi niliyoijenga ilikuwa yenye bodi iliyofunikwa hadi nyuma, kwa hivyo ukitaka ya mizigo utakata kwa msumeno nyuma ya viti. Nilikata. Mkono ulitetemeka kama siku ya tohara.

Picha yako usiitupe. Itazame kwa lenzi utafute yale ambayo kiwanda hakikuweka: keria, antena, taa za ziada, mpira wa kuzuia tope. Hayo ndiyo yatakayofanya mama aseme ni lenyewe. Mzee aliinunua 404 kwa nini hasa, kwa bei au kwa Safari, yale mashindano ya magari? Maana miaka hiyo 404 ilikuwa mfalme, imeshinda 1963, 1966, 1967 na 1968.

---

MenoYaBandia

Mvita504, ahsante sana. Bodi yangu ilikuwa na milimita 161. Nimeivunja jana kwa nyundo ya mpira na moyo umetulia.

Ni Safari iliyomponza. Bert Shankland, aliyeshinda 1966 na 1967, alikuwa dereva wa Dar, wa kwetu, na baba aliamini kabisa kwamba gari la Shankland na gari lake ni ndugu wa baba mmoja. Gia za 404 ziko kwenye usukani, na alikuwa akizipiga kwa vidole viwili huku anakusimulia.

Kwenye lenzi nimeona keria, na kitu kama fundo nyuma, sijui kivuli.

Mchokonozi, hata mimi nilianza na la boksi. Nalo lilitembea.

---

FundiGerezani · Dar es Salaam

Mtaalamu wa meno, heshima yako. Mimi nanyoosha bodi na kupiga rangi magari makubwa, madogo sijawahi, lakini mlango wa kijani kwenye gari la maziwa nimeshafunga mingi kuliko meno uliyotengeneza. Sikiliza.

Rangi ya mlango haina kosa. Kosa ni kwamba umekaa sawasawa. Mlango uliotoka gari jingine haukai sawa hata siku moja. Bawaba zimechoka kivyake, nguzo ya gari iliyogongwa imesogea kivyake. Unainua, unapiga kabari, unafunga, na bado upande wa nyuma unaning'inia sentimita moja. Sentimita moja kwako ni nini, milimita 0.4? Basi ushushe hiyo 0.4. Uwazi wa juu uwe mpana kuliko wa chini. Ule mstari unaopita ubavuni, uukatishe pale mlangoni, usikutane. Ndani ya mlango pia uwe kijani, lakini nguzo ya gari ibaki rangi ya gari. Jicho la mtu halijui limeona nini, lakini litajua.

Halafu mng'ao. Magari mawili hayajaanikwa jua moja. La Korogwe limekufa chini ya mwembe, pengine, rangi yake imebaki na uhai kidogo. La baba yako limekaa upepo wa bahari miaka minane. Moja ling'ae kidogo, jingine liwe limefifia, hasa boneti na juu ya paa. Ukipiga vanishi ya kung'aa juu ya vyote kwa pamoja umeharibu, umeshayafanya yawe gari moja.

Na usipake rangi ile ile ya gari halisi hata ukiipata. Kitu kidogo hunywa mwanga, kitaonekana cheusi kuliko kilivyo. Ongeza tone la nyeupe. Punguza uzito pia, rangi ya kupuliza ya kopo inaziba mistari ya milango. Chimba mistari kwanza, kisha pulizia nyembamba mara nne kuliko nzito mara moja.

Mkao: 404 kuukuu inakaa kitako. Springi za nyuma zimebeba watu saba na gunia. Nyuma shusha milimita mbili.

Kwa Landrova yako ya baadaye nakuonya mapema, maana najua utataka kuweka kutu. Mabati ya Landrova ni alumini. Hayali kutu. Yanabonyea, yanachubuka yanatoa weupe, yanapata unga fulani hivi kwenye maungio, basi. Kutu weka kwenye chesisi, kwenye ukuta wa mbele unaobeba dashibodi, kwenye bawaba. Nimeona watu mtandaoni wanapaka kutu kwenye mudigadi za Landrova, naumwa tumbo.

Kutu ya kwenye Peugeot ifanye kwa chumvi: paka rangi ya kutu, lowesha kidogo, nyunyiza chumvi ya jikoni pale unapotaka, pulizia rangi ya gari juu, ikikauka sugua chumvi itoke. Makovu yatajichora yenyewe.

Kuhusu kijivu na maziwa siwezi kuamua ugomvi wa wazee. Lakini nakuuliza: hakuna kipande chochote cha gari lile kilichobaki? Hata kofia ya rimu?

---

BintiMalindi · Unguja

Assalaam alaykum. Kaka wa meno, kadi ya gari iko wapi? Baba yangu alikuwa na Morris Minor, na sisi watoto watano tulikuwa na rangi tano vichwani. Kadi ikatutoa aibu wote, imeandikwa rangi, na pembeni kuna muhuri wa siku alipoibadilisha. Wazee hawatupi karatasi. Tazama chini ya godoro, ndani ya msahafu, kwenye kopo la biskuti lenye sindano na nyuzi.

La pili, naomba usimuulize mama "ilikuwa rangi gani". Ukimuuliza hivyo atakujibu rangi aliyokwisha kuamua. Muulize siku hiyo alivaa nguo gani, na nguo ilionekana vipi akiegemea gari. Mimi mama yangu hakukumbuka rangi ya Morris, lakini alikumbuka kwamba kanga yake nyekundu ilichafuka vumbi jeupe kila akishuka, na hapo nikajua rangi ilikuwa imeshakufa, inatoka unga mkononi. Hiyo haimo kwenye kadi.

Mwenyewe niliichonga kwa mti wa mwembe, si kazi ya kujisifia, ina milango iliyochorwa tu. Lakini iko juu ya redio hadi leo.

---

MenoYaBandia

Bi BintiMalindi, waalaykum salaam. Kopo la biskuti lipo, sindano zipo, kadi ya Land Rover ipo, hata risiti ya mnada ipo. Ya Peugeot ilikwenda na gari lilipouzwa Handeni.

FundiGerezani, swali lako limenikalisha. Kipande kipo! Mlango wenyewe, ule wa asili uliobonyezwa na tela. Baba hakuutupa. Aliupeleka Muheza kwa shangazi, ukafanywa mlango wa banda la kuku, na nimeuona kila sikukuu tangu nina akili bila kuuwazia. Tatizo shangazi aliupaka rangi ya mafuta ya bluu, ile ya madirisha. Zaidi ya mara moja.

---

FundiGerezani

Nenda Muheza kesho! Chukua msasa namba 400 na maji. Tafuta mahali tambarare, pembeni ya mkunjo, usiende kwenye ukingo. Sugua mduara wa ukubwa wa sarafu, polepole, hadi katikati uone chuma. Kila rangi itakuacha pete yake, ya ndani ndiyo ya zamani. Soma kuanzia katikati kutoka nje. Ukiona kati ya pete mbili kuna praima, ile rangi ya msingi, nyekundu ya kahawia au kijivu kizito, ujue hapo gari lilipigwa rangi upya mtaani.

Piga picha kivulini, si juani. Na ubebe kipande cha karatasi nyeupe ukiweke pembeni ili rangi isikudanganye kwenye simu.

---

Mchokonozi

Nafuatilia sasa. Kuku watalala wapi?

---

MenoYaBandia (siku tisa baadaye)

Nimerudi. Kuku wamelala pazuri, nimewaachia mlango wao.

Nimesugua chini ya kitasa, upande wa nje. Shangazi alisimama nyuma yangu muda wote akiuliza kama daktari wa meno sasa anatibu mabanda. Pete zilizotoka, kuanzia chuma: praima nyembamba, kijivu, praima nyekundu ya kahawia, maziwa, halafu bluu ya shangazi tabaka tatu. Kijivu chenyewe si kijivu cha mawingu, kina ubuluu kwa mbali. Na maziwa si meupe, ni maziwa ya ng'ombe aliyekula majani mengi, yana umanjano.

Nimempigia baba mdogo palepale bandani. Kimya. Kisha: "Aah. Kweli bwana. Tulilipiga rangi Korogwe kabla ya kwenda kumwoa mama yako." Harusi ilikuwa 1972. Kwa hiyo mama hakuwahi kuliona la kijivu hata siku moja, na baba mdogo amelibeba la kijivu kichwani miaka yote hiyo kwa sababu ndilo alilojifunzia kuendesha. Nimewaunganisha kwenye simu. Mama amecheka, halafu akamuuliza nani alilipia rangi. Hapo nikakata nikawaacha.

Gari langu ni la 1978 hadi 1983, kwa hiyo ni maziwa na mlango wa kijani. Lakini nimefanya kitu ambacho hakuna atakayekiona: nimeanza na kijivu, nikapiga praima nyekundu, ndipo maziwa juu. Kwenye kona za bampa na ukingo wa boneti nimesugua kidogo hadi kijivu kinachungulia. Chumvi imefanya kazi vizuri, ila nilitumia ya mawe bila kuiponda, makovu yakatoka makubwa kama mtu kapiga gari kwa shoka. Nikaponda, nikarudia paa lote.

Mlango nimeushusha 0.4. FundiGerezani, mkono wako ubusiwe. Sikubadilisha rangi ya kijani hata kidogo, ni ile ile niliyoilalamikia, na sasa umetoka gari jingine.

Akriliki imesinyaa kidogo ilivyokauka, urefu umekuja 184. Nimeuacha. Baba mwenyewe alishagonga bampa ya nyuma.

Matairi, nacheka kuyasema: nilikuwa nimeyamimina kwa silikoni nyeusi, yakang'aa kama viatu vya mwanajeshi. Nikakumbuka maneno ya Mchokonozi. Tairi la 404 lina kipenyo cha kama sentimita 65, kwangu milimita 27. Nimenoa mdomo wa bomba la chuma, nikakata ndala nyeusi iliyokwisha. Weusi wake umefifia wenyewe kwa kukanyaga vumbi la Tanga. Mapya hayawezi kupata rangi hiyo.

---

Mchokonozi

Haya sasa, nani mzee mzima? Naomba kipimo cha hilo bomba, mwanangu anataka.

---

MenoYaBandia

Kipenyo cha ndani 27, mwambie anoe kwa tupa nje, asinoe ndani, kisha azungushe, asigonge kwa nyundo. Ndala iwe imelowa maji ya sabuni. Na katikati atoboe kwa mrija wa chuma wa kalamu uliopashwa moto, wewe ukiwepo.

---

Mvita504

Maashallah. Na namba za gari umezifanyaje? Mimi huziandika kubwa kwenye kompyuta, ubao mweusi herufi nyeupe kama zilivyokuwa zetu zote zamani, halafu nachapa kwenye karatasi ya picha kwa ukubwa wa 1:24. Ukikata, pitisha kalamu nyeusi kwenye kingo, la sivyo weupe wa karatasi utakusaliti. Na ya mbele ikunje kidogo. Namba za mbele za hapa pwani hazikuwahi kunyooka.

---

MenoYaBandia (siku ya kumi na sita)

Namba nimefanya hivyo hivyo, na nimeikunja.

Jana jioni nimempelekea mama. Nilitaka nisubiri yote manne yatimie, nimeshindwa. Alikuwa anachambua mchele. Nikalitua juu ya ungo, pembeni ya mchele, bila kusema.

Hakuliangalia kwanza. Alifuta mikono kwenye kanga, akalipapasa kuanzia mbele. Boneti, kioo, keria. Alipofika mlango wa dereva kidole kilisimama kwenye ule uwazi wa juu, kikaenda kikarudi, akatoa sauti ya puani ambayo hatujaisikia tangu msiba. Akaendelea. Mapezi ya nyuma, taa, buti. Hapo akalisogeza karibu na uso.

"Kamba iko wapi?"

Nikamuuliza kamba gani. Akanitazama kama mtu aliyezaa mtoto wa jirani. Buti lilikuwa halifungi tangu tulipohamia Barabara ya 12, baba akilifunga kwa kamba ya mkonge hadi kwenye bampa. Fundo moja. Watoto wote tulikuwa tunashindania kulifungua.

Nimerudi kwenye lenzi. Kile nilichodhani kivuli kwenye picha ni fundo.

Sasa wataalamu: kamba ile nakadiria ilikuwa unene wa milimita 10, kwangu ni 0.4. Nimejaribu uzi wa kushonea, unaonekana uzi wa kushonea. Nimechukua singa za mkonge wenyewe, wa hapa hapa, nikasokota mbili. Unene umekuja vizuri na rangi ndiyo yenyewe, lakini ukifunga fundo zinavunjika. Nimevunja kumi na moja hadi usiku.

---

BintiMalindi

Ziloweke kwanza, kaka. Usiku mzima, maji ya uvuguvugu, na tone la mafuta ya nazi. Funga fundo zikiwa zimelowa, halafu ziache zikaukie hapo hapo kwenye bampa.

---

FundiGerezani

Na buti usilifunge hadi chini. Lipandishe kidogo, kamba ionekane inavuta kitu.